Muhuri Wangu: Barua ya Ukubwa wa Kiberiti

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha pabaya. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye choo cha kiwanda, natapika chai ya asubuhi, na barua ya kuacha kazi imo mfukoni mwa koti langu jeupe kwa siku ya kumi na moja. Koti lilikuwa limeshakwenda kufuliwa na kurudi. Barua ilikuwa bado imo.

Kwa ambaye ndiyo kwanza analifungua gazeti, nitasema kwa kifupi. Naitwa Gumersindo Tarqui. Kwa miaka kumi na saba nimekuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda kimoja cha soseji hapa La Paz. Kazi yangu ni kunusa, kugusa, kupima, kisha kugonga muhuri wenye jina langu na maneno INAFAA KULIWA. Mwanzoni mwa Januari mvua ilikata umeme siku mbili, chumba cha baridi kikawa na joto la chumba cha kulala, na nyama ikageuka rangi. Tajiri wangu, Don Hilarion Peredo, hakuitupa. Aliamuru ioshwe kwa siki, isagwe upya, itiwe rangi nyekundu na vitunguu saumu.

"Kitunguu saumu kinasamehe mengi, injinia," aliniambia.

Huo ndio mzigo namba 318. Na mimi niliugonga muhuri.

Tangu siku hiyo kila kitu kinaninukia siki. Mto wangu wa kulalia, kahawa, nywele za mke wangu Delmira. Nikinawa mikono mara sita, ya saba naona bado ina utelezi. Nilitaka kuondoka. Nilitaka kurudi kwenye tanuri la mkate la marehemu baba, lililofungwa kule Villa Fatima, ufunguo wake ninao mimi.

Kilichonizuia ni aibu. Baba alikufa akisema alikanda unga miaka arobaini ili mimi nisikande. Na mama mkwe wangu, Mama Eduviges, muuza viazi sokoni, hawezi kumpimia mteja kilo moja bila kumwambia kwamba mkwe wake ni injinia. Cheti changu cha chuo kimetundikwa sebuleni kwake, wala si kwangu. Don Hilarion simwogopi sana. Yule mama ndiye ninayemwogopa.

Basi nikafyata mkia siku kumi na moja. Ya kumi na mbili ikawa tarehe ishirini na nne Januari.

Siku hiyo hakuna anayefanya kazi La Paz mchana. Saa sita kamili mji mzima uko kwenye maonyesho ya vitu vidogo, kila mtu anamnunulia Ekeko, yule mungu mfupi mwenye masharubu, kile anachokitamani. Anayetaka nyumba ananunua nyumba inayokaa kiganjani. Anayetaka gari ananunua gari la ukubwa wa kidole. Kinabarikiwa kwa moshi na divai, na kabla mwaka haujaisha kikubwa chake kinakuja. Na cha kupewa, wote tunajua, kina nguvu kuliko cha kujinunulia.

Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa wachapaji, wale wanaochapa vyeti na pasipoti za ukubwa wa stempu.

"Nataka barua ya kuacha kazi," nikasema. "Ndogo."

Mchapaji akanitazama juu ya miwani. "Watu huja hapa kutafuta kazi, bwana. Mikataba ninayo, digrii ninazo, hata talaka ninazo. Ya kuacha kazi sijawahi kuombwa."

"Chapa tu."

"Sababu niandike nini?"

"Afya."

"Afya ya nani?"

Nikamsogezea pesa mezani. Akaguna, akachapa AFYA, akanipa karatasi yenye ukubwa wa kiberiti. Nikatia saini yangu ya kweli kwa kalamu ya kuazima, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nilikuwa na mpango. Ningeibariki ile ndogo, nipate moyo, kesho nipeleke kubwa. Mwoga huwa hakosi mpango.

"Injinia!"

Don Hilarion alikuwa amesimama karibu na mganga wa kubariki, kiwanda kizima kimemzunguka. Kofia mpya, tumbo mbele, mkononi kapu la zawadi. Anafanya hivyo kila mwaka. Wanawake wa mashine za kusaga aliwapa vinyumba. Madereva aliwapa vilori. Halafu akanishika bega, akanivuta katikati.

"Huyu," akasema, "ni pua ya kiwanda."

Akaniwekea kiganjani kiti kidogo cha meneja na mkataba mdogo. Nikasoma. Gumersindo Tarqui, Meneja wa Uzalishaji, miaka mitano. Watu wakapiga makofi. Zawadi ya siku ile haikataliwi, ukiikataa umeikataa riziki mbele za watu. Nikapokea, nikainama, nikasema asante. Mkono wake ulikuwa na harufu ya manukato, na chini ya manukato, siki.

"Haya, na mimi je?" akacheka. "Mkono mtupu haulambwi, injinia. Umeniletea nini?"

Wote wakanitazama. Nilijua ndiyo sasa. Nikatia mkono mfukoni, nikampa ile barua ndogo.

Aliisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akasoma. Niliona shingo yake ikivimba, na kwa muda wa pumzi mbili nilikuwa mtu huru.

Halafu akaangua kicheko.

"Sikilizeni! Mimi nampa umeneja, yeye ananipa barua ya kuacha kazi! Afya, anasema! Huyu mtu hata akifa atatuandikia barua ya kuomba ruhusa!"

Kiwanda kizima kikacheka.

Na mimi nikacheka.

Nimeungama mengi katika safu hii, lakini hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko yote. Nyama iliyooza haina akili, haikuchagua kuoza. Mimi nilisimama pale na akili zangu timamu, nikacheka utani ambao haukuwa utani, ili tu mwenye kofia asinikasirikie.

Kengele za kanisa zikalia saa sita. Don Hilarion akautwaa mkataba wangu, akautia pamoja na barua kwenye sahani moja ya udongo. Mganga akapuliza moshi, akamwaga divai, akanyunyiza maua, kisha akaviangalia vizuri vile vikaratasi viwili.

"Hivi ni vya watu wawili?"

"Vya mtu mmoja," akasema Don Hilarion.

Mzee akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, umeomba kupanda na kushuka siku moja. Ekeko atakupa vyote viwili, shauri yako."

Don Hilarion akaichomeka barua kwenye utepe wa kofia yake, kama pambo, akaniinamia sikioni.

"Mzigo 318 unatoka leo saa kumi. Katoni mia mbili, zinakwenda vijijini. Huko hawana pua."

Akaenda zake akicheka. Na barua yangu ikaenda naye.

Chakula cha mchana tulikuwa tumealikwa kwa Mama Eduviges. Nilikwenda kwa sababu mbili: kukosa kungezua maswali, na mlo wa siku ile hauna nyama. Mahindi, maharage mapana, viazi na maganda yake, jibini la kukaanga. Ndivyo walivyokula babu zetu na ndivyo tunavyokula sisi. Baada ya asubuhi ile nililitamani lile jibini kama mgonjwa anavyotamani maji.

Delmira alikuwa ameshafika. Kaka yake, Saturnino, fundi wa makufuli, alikuwa ameketi, anajifuta midomo.

"Shemeji, umechelewa," akasema. "Nimeshaonja jikoni. Tatu."

"Tatu nini?"

Mama Eduviges akatoka na sahani. Alikuwa amevaa sketi yake ya sherehe, ile ya marinda mengi, na hereni za dhahabu. Akaniwekea mimi wa kwanza. Mahindi, maharage, viazi, jibini. Na juu yake, zimepasuliwa katikati, zinameta mafuta, soseji mbili nyekundu.

"Mwaka huu nimevunja mila kwa ajili yako, mkwe," akasema. "Jana nilikwenda mwenyewe kwenye duka la langoni kwenu. Nikawaambia, mimi ni mama mkwe wa injinia Tarqui. Wakanipa za mzigo mpya kabisa."

Vitunguu saumu vikanipanda puani. Na chini ya vitunguu saumu, siki.

"Mzigo gani, mama?"

"Hata hilo najua. Nitakuonyesha." Akanyoosha kidole ukutani, anatabasamu. "Tazama."

Kwenye pembe ya fremu ya cheti changu alikuwa amebandika kipande cha karatasi alichokikata kwa mkasi, kwa uangalifu, kutoka kwenye pakiti. Palikuwa na muhuri wangu. Jina langu. INAFAA KULIWA. 318.

Nikaisukuma sahani kidogo.

"Kula basi," Delmira akaninong'oneza. "Mama anakutazama."

"Sina njaa."

"Usianze kuwa mtu wa kuchagua chakula leo. Kula."

"Huyu anakula soseji kiwandani bure, zetu hazitaki," akasema Saturnino, akachoma moja kwa uma akaipeleka mdomoni.

Nikampiga mkono. Uma ukaruka, soseji ikaanguka kwenye kitambaa cha meza, ikaacha alama nyekundu. Hakuna nyama inayoacha rangi namna ile.

"Msile," nikasema. "Imeoza."

"Imeoza vipi?" akauliza Mama Eduviges. "Mbona muhuri wako huu hapa."

Mficha uchi hazai. Nikawaambia. Umeme, siku mbili, rangi ya kijani iliyokuwa pembeni mwa nyama, pipa la siki, wanawake waliofunga vitambaa puani wakisaga. Nikawaambia na lile nililowaficha hata ninyi wasomaji: kwamba nilipoigonga muhuri nilikuwa nimeshikilia pumzi nisisikie harufu, na baada ya hapo nikaenda kula chakula cha mchana.

Saturnino akatoka mbio kwenda uani. Tukamsikia akijitia vidole kooni.

"Uligonga ukijua?" akauliza Delmira.

"Nikijua."

"Usiniguse," akasema, ingawa sikuwa nimemgusa. Akasogeza kiti chake mbali nami.

Mama Eduviges hakusogea. Alikuwa anaitazama sahani yake.

"Mimi nilikula moja asubuhi," akasema polepole. "Na kahawa."

"Mama, twende hospitali," akasema Delmira.

"Tumbo langu limekula mengi, nyamaza." Akaingiza mkono ndani ya blauzi, mahali anapoweka pesa zake za sokoni, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Akakifungua. Kilikuwa tanuri kidogo la udongo, na ndani yake vimkate vitatu vya ukubwa wa punje za mahindi.

"Nilikununulia wewe," akasema. "Saa sita kamili. Nimesukumana na watu mpaka kofia ikaanguka."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Umejuaje?"

"Delmira huleta nguo zenu kufua kwangu. Koti limefuliwa, barua haikulowa. Hukujiuliza kwa nini? Injinia mzima."

"Na hukuniambia, mama!" Delmira akalalamika.

"Barua haikuwa yangu." Akanigeukia. "Niliisoma nikafurahi. Nimekuona unavyokonda. Baba yako kaoka mkate miaka arobaini, sikusikia hata siku moja mtu kaumwa tumbo. Nimeshawaambia wenzangu sokoni, mkwe wangu anafungua tanuri. Wakauliza, na uinjinia? Nikawaambia injinia haliwi, mkate unaliwa."

Siku kumi na mbili. Siku kumi na mbili nilikuwa nimejificha nyuma ya mama huyu, naupakaza woga wangu kwenye sketi yake, na yeye alikuwa ameshanifungulia mlango. Nikanyoosha mkono kulichukua lile tanuri.

Akalivuta upande wake.

"Hapana," akasema. "Nilimnunulia mtu mwingine, yule niliyedhani anaumwa kwa kazi nyingi. Wewe sikujui. Mkono uliogonga huu," akaelekeza ukutani, "sijui kama ningeweza kula mkate wake."

Hakupaza sauti. Angepaza ningejitetea. Nikaitazama mikono yangu na kwa mara ya kwanza nikaona kinyaa kile si cha nyama wala cha Don Hilarion. Kama ningeipeleka kesho ile barua kubwa, yenye neno afya, ningeipeleka mikono hiihii kwenye unga wa baba, na katoni mia mbili zingekuwa zinakaangwa vijijini.

"Zilizobaki ziko wapi?" akauliza.

"Kiwandani. Lori linatoka saa kumi."

Akaitazama saa ya ukutani. Saa tisa na robo. Akainuka, akavaa kofia yake, akajifunga shali.

"Vaa koti lako. Twende."

"Mama, tukifika pale nitasema nini?"

"Ulivyosema hapa. Ulisema vizuri."

Nikavaa koti. Delmira akabaki ameketi, hanitazami. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango ulipogongwa kutoka nje.

Don Hilarion Peredo alikuwa amesimama kizingitini, anahema kwa ngazi, kofia kichwani, barua yangu ya ukubwa wa kiberiti bado imechomekwa kwenye utepe. Kwapani alikuwa na faili.

"Injinia! Umenipandisha ngazi tisini. Ekeko kafanya kazi haraka mwaka huu." Akatoa mkataba, sasa wa ukubwa wa kawaida, umepigwa chapa. "Meneja. Miaka mitano. Saini hapa." Akatoa na karatasi ya pili, akaishusha sauti. "Na hapa. Ruhusa ya mzigo. Uliondoka hujasaini, na dereva ni mtu wa sheria, hataki kuwasha lori bila jina lako. Saini mbili tu, dakika moja, nisikuharibie sikukuu."

Kalamu ilikuwa imeshafunguliwa. Aliniwekea mkononi mwenyewe.

Kabla sijafungua mdomo, Mama Eduviges akanipita.

"Karibu, Don Hilarion. Tulikuwa tunakuja kwako. Umetupunguzia mwendo."

"Asante, mama. Nina haraka, nimeshiba."

"Leo hakuna aliyeshiba. Au nyumba ya muuza viazi haikufai?"

Hakuna mtu wa mji huu anayeweza kulijibu swali hilo akiwa amesimama, siku kama ile, mlangoni pa watu. Don Hilarion akavua kofia, akaiweka mezani. Akaketi. Mama Eduviges akachukua sahani yangu, ambayo sikuigusa, akamwekea mbele. Kando ya sahani akaliweka lile tanuri dogo, katikati yangu na yeye mwenyewe, mahali ambapo kila mmoja angeweza kulifikia.

Don Hilarion akatabasamu. Akatazama mahindi, akatazama jibini. Akaziona soseji. Tabasamu likabaki mdomoni bila macho. Kule uani Saturnino akatapika tena, na Don Hilarion akageuza kichwa kuelekea sauti ile, kisha akakirudisha kwangu, taratibu.

"Injinia," akasema kwa upole kabisa, "hizi ni za mzigo upi?"

Delmira akainua uso kunitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nilipoungama.

Ulimi wangu unaujua uongo. Ungeweza kusema 316, na 316 ulikuwa mzigo mzuri. Angekula, angecheka, ningesaini, na mimi ningecheka naye.

Nikaifunga ile kalamu. Nikaiweka juu ya mkataba.

"Za huo uliokuja kuusainisha, Don Hilarion," nikasema, na nikamsogezea uma.